Kutoka salongo hadi simu: historia ya kujitolea katika milima ya Kitshanga

Katika vijiji vya usultani wa Bashali, mgonjwa akizidiwa usiku hakuna anayengoja gari. Njia nyingi za milimani hazipitiki kwa gari, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kukalishwa juu ya pikipiki katika matope. Jamaa mmoja anatoka nje na kumwita jirani, jirani anamwita mwingine. Baada ya muda mfupi vijana sita au wanane wamefika. Mgonjwa analazwa juu ya machela ya miti na kamba, ile ambayo wengi wanaiita kipoyi, na safari ya kwenda kituo cha afya inaanza. Wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma wakingoja zamu yao. Asubuhi kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake: huyu shambani, yule kwenye pikipiki yake, mwingine sokoni.

Hakuna aliyeandikishwa na hakuna aliyelipwa. Kila mmoja aliitwa na mtu anayemjua, kwa kazi moja inayoeleweka, yenye mwanzo na mwisho. Na kila mmoja anajua kwamba siku mama yake atakapougua, wengine watakuja.

Leo wako vijana waliobaki milimani na wako wale ambao vita viliwatupa Goma, Minova, Bukavu au ng'ambo ya mpaka. Kati yao swali moja linarudi: je, simu inaweza kufanya kazi ya ule mwito wa usiku? Je, inawezekana kutengeneza programu inayomwonyesha kijana mwenye shughuli nyingi mahali ambapo saa yake moja ingemfaa mtu? Swali linaonekana la siku hizi. Lakini Kivu ina historia ndefu ya watu kuitwa kufanya kazi bila malipo, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni chungu. Yeyote anayetaka kutengeneza programu kama hiyo afadhali aijue kwanza, maana wazazi wake wataikumbuka hata kama yeye hajaisikia.

Daftari la wenye nguvu

Kunako mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilitunga sheria ya mashamba ya lazima. Wanakijiji walilazimika kulima mazao yaliyochaguliwa na serikali, hadi siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1942, siku hizo ziliongezwa hadi 120. Ili amri hiyo itekelezwe, serikali ilihitaji kujua nani yuko wapi. Katika hesabu za Wabelgiji kulikuwa na kundi lenye jina lake: wanaume wazima wenye nguvu. Kila kijiji kilihesabiwa hivyo. Aliyekuwa ndani ya hesabu hiyo alidaiwa kazi, kodi, na mara nyingi safari ya kwenda kufanya kazi mbali na kwao.

Masisi ilionja hesabu hiyo kwa namna yake. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ilihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuziweka Gishari na sehemu nyingine za Masisi. Wakati huohuo mashamba makubwa ya Wazungu yalihitaji mikono. Ardhi iligawanywa na watu wakapangwa, na maswali ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni yakapandwa katika udongo uleule ambao watoto wa leo wanakimbia vita juu yake.

Baada ya uhuru, kazi ya lazima ilirudi na jina jipya. Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Mobutu, wananchi wote wa Zaire waliamriwa kufanya salongo, neno la Kilingala lenye maana ya kazi. Siku moja kwa juma, mara nyingi Jumamosi, watu walitoka kufyeka kando ya barabara, kusafisha mitaro, kufagia masoko na kulima mashamba ya umma. Walielezwa kwamba wanajenga nchi. Asiyetokea alitozwa faini, au alifungiwa hadi jamaa zake walipe.

Haitakuwa haki kusema kwamba salongo yote ilikuwa mbaya. Chemchemi zilifukuliwa, madaraja ya miti yalitengenezwa, shule zilipata ua. Kitshanga mpaka leo watu wakisafisha mtaa wao wanasema wamefanya salongo, na wanasema bila hasira. Majirani nao wana desturi zao: Rwanda ina umuganda, asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kwa wenye miaka 18 hadi 65, Kenya ina harambee, neno ambalo Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa wakati wa uhuru, mwaka 1963. Tatizo la salongo lilikuwa kwamba aliyeitwa hakuwa na nafasi ya kukataa, na mara nyingi hakuona faida ya kazi yake ikirudi kwake.

Kisha zikaja bunduki. Vita vya mwaka 1993, vilivyoanza na mauaji katika soko la Ntoto huko Walikale na kuenea Masisi, vilifungua mlango ambao haujafungwa. Tangu wakati huo makundi mengi yenye silaha, ya pande mbalimbali, yamelitumia neno salongo kwa mambo mengine: kubeba mizigo ya wapiganaji, kuwajengea vibanda, kutengeneza barabara yao, kuwachotea maji na kuwatafutia kuni. Ripoti za haki za binadamu zimeandika hayo mara nyingi, na familia zilizokimbia zinayajua bila kusoma ripoti yoyote. Kijana mwenye nguvu aliyeonekana barabarani siku ya salongo aliweza kurudi nyumbani jioni, au asirudi.

Ndiyo maana mzee wa Kitshanga akisikia kwamba kuna orodha ya vijana wenye nguvu, pamoja na mahali wanapokaa na siku walizo na nafasi, hashangilii. Anauliza orodha hiyo iko mikononi mwa nani.

Wakati wa misaada

Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Nyuma yao yalikuja mashirika ya misaada kutoka kila pembe ya dunia, na mengi hayakuondoka tena, maana vita vilivyofuata vilileta wahitaji wapya kila mwaka. Kazi ya kujitolea ikapata sura ya tatu. Katika sura hii mtu wa kujitolea anavaa jile yenye alama ya shirika, anahudhuria mafunzo, anatia sahihi kwenye karatasi na kupokea pesa kidogo ya siku.

Aliyebeba uzito mkubwa wa sura hiyo ni reko, yaani mwanakijiji aliyechaguliwa kuwa kiungo kati ya kituo cha afya na nyumba za watu. Reko anapita mlango kwa mlango kuwaambia akina mama siku ya chanjo. Anatoa habari kuhusu mtoto mwenye surua au mtu mwenye dalili za kipindupindu. Hana mshahara. Siku za kampeni anapata kitu kidogo ambacho Wakongomani wanakiita motivasyo. Kampeni ikiisha, kitu hicho kinaisha, na kazi inabaki.

Kutoka hapo maana ya kujitolea ilichanganyika. Kwa familia isiyo na shamba, pesa ya siku moja ni chakula cha siku moja, na hakuna wa kumlaumu kijana anayeuliza kwanza kama kuna malipo. Lakini pia kuna wanaotumia neno kujitolea ili wasilipe kazi ambayo kwa haki ingelipwa. Kijana anayeitwa kubeba mifuko ya unga siku nzima juani, kwa shirika lenye magari na ofisi, anafanya kibarua. Programu itakayomuita aende huko bure itakuwa imeifufua salongo ndani ya simu.

Tangazo la Nairobi

Sura ya simu yenyewe ilianza karibu na sisi. Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura, na matokeo yalipotangazwa ghasia zikalipuka Kisumu, Eldoret, Nairobi na sehemu nyingine. Serikali ilizuia vyombo vya habari kutangaza moja kwa moja. Mwanzoni mwa Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari kwenye ukurasa wake wa intaneti, alitoa mwito mfupi: je, wako watu wanaojua kompyuta ambao wanaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ghasia zinapotokea?

Waliojibu walikuwa watu wenye kazi zao. Kati yao walikuwamo David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani, Erik Hersman na Juliana Rotich. Kwa siku chache tu walitengeneza ukurasa wakauita Ushahidi. Mtu alituma ujumbe kwa simu au kwa intaneti, watu wa kujitolea wakaupima kwa kulinganisha na habari nyingine, kisha alama ikawekwa kwenye ramani.

Mwito wa Okolloh ulifanana na mwito wa kipoyi. Ulitoka kwa mtu ambaye wasomaji walimjua na kumwamini. Uliomba jambo moja linaloeleweka. Waliojibu waliona matokeo ya kazi yao kabla ya juma kwisha. Hakuna aliyejaza fomu ya kueleza vipaji vyake na kungoja kupangiwa kazi.

Programu ilipofika Kivu

Mwaka huohuo chombo hicho kililetwa Congo. Mwisho wa Oktoba 2008 wapiganaji wa CNDP, ambao Kitshanga ilikuwa moja ya ngome zao, walisonga hadi karibu na Goma. Mwanzoni mwa Novemba raia wengi waliuawa Kiwanja, katika Rutshuru. Wenye Ushahidi walifungua ramani ya mashariki mwa Congo ili watu watume habari kwa ujumbe wa simu.

Ramani hiyo haikuota mizizi kama ile ya Kenya, na sababu si ngumu kuona. Kivu ya mwaka 2008 haikuwa na simu nyingi wala mnara katika kila kilima. Zaidi ya hayo, mwanakijiji aliyeona wapiganaji wakipita alijiuliza maswali matatu: namba hii ni ya nani, nani mwingine ataisoma habari yangu, na nikishaituma, nani atakuja? Nairobi maswali hayo yalikuwa na majibu. Milimani hayakuwa nayo.

Kunako mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha New York walijaribu njia tofauti katika Kivu Kusini. Hawakutangaza namba kwa watu wote. Walichagua vijiji 18, na katika kila kijiji simu zilipewa watu watatu: mmoja kutoka upande wa shefu, mmoja mwakilishi wa akina mama, na mmoja aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Walipewa kifaa cha kuchaji kwa jua, inite za simu, na karatasi ya namba za siri, kila namba ikiwa na maana yake: shambulio, ugonjwa, mafuriko, arusi. Mradi huo, uliojulikana kama Voix des Kivus, uliendelea hadi mwaka 2011 na ulipokea ujumbe kwa maelfu, hata kutoka vijiji ambavyo havikufikika kwa gari.

Ulionyesha kwamba wanakijiji wa Kivu wanaweza kutoa habari nzuri na kwa uaminifu wakijua aliye upande wa pili. Lakini ulionyesha jambo lingine pia. Habari zilipanda kwenda juu, na msaada haukushuka kwa kasi ileile. Na kadiri mradi kama huo unavyokuwa mkubwa na kujulikana, ndivyo hatari kwa mwenye kushika simu inavyokua. Mradi haukupanuliwa.

Dakika tano za mtu mwenye shughuli

Wakati huo, mbali na Kivu, watu wengine walikuwa wakijifunza kugawa kazi kubwa kuwa vipande vidogo. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliharibu Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Namba fupi ya simu, 4636, ilitangazwa ili waathirika watume ujumbe bure. Ujumbe ulikuja kwa Krioli, lugha ambayo waokoaji wengi hawakuijua. Wahaiti waliokuwa ughaibuni walijitolea kutafsiri, zaidi ya watu elfu moja kwa jumla, wengi wao usiku baada ya kazi. Walifanya zaidi ya kutafsiri maneno. Mtu aliyeandika kwamba yuko nyuma ya kanisa fulani, karibu na duka la fulani, alieleweka na mtafsiri aliyekulia mtaa huo. Mhandisi wa kigeni mwenye ramani nzuri asingeweza kupajua mahali hapo.

Mwezi wa Novemba 2014 Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, Madaktari Wasio na Mipaka na kundi la wachora ramani wa OpenStreetMap walianzisha mradi wa Missing Maps, wa kuchora ramani za sehemu za dunia ambazo ramani zilizisahau. Lubumbashi ilikuwa moja ya miji ya kwanza. Mwaka 2016 ikatoka programu ya simu iliyoitwa MapSwipe. Kazi yake ni rahisi: kijana aliye kwenye basi huko London anaonyeshwa vipande vya picha iliyopigwa kutoka angani. Akiona nyumba anagusa kipande hicho. Asipoona chochote anasogeza mbele. Kipande kilekile kinaonyeshwa watu kadhaa ili kosa la mmoja lisahihishwe na wengine. Hivyo mchora ramani anajua wapi kuna vijiji na wapi ni msitu mtupu, na timu ya chanjo inajua iende wapi. Mwenye dakika tano anatoa dakika tano, na anaona eneo alilolimaliza.

Hiyo ndiyo programu ya kijana mwenye shughuli nyingi iliyofaulu kwelikweli. Siri yake iko katika udogo wa kazi inayoombwa. Haimuulizi kijana jina la baba yake, wala kijiji, wala kabila, wala siku alizo na nafasi.

Hata hivyo ina upungufu mmoja mkubwa. Kijana wa London anaweza kuona paa la bati, lakini hawezi kujua kilima hicho kinaitwaje, chemchemi iko upande gani, wala njia ipi hufungwa na mto wakati wa mvua. Hayo yanajulikana na watu wa hapo tu. Na wengi wa watu wa hapo, kwa Kitshanga, hawako tena hapo.

Mji ulioungua na watu waliotawanyika

Kitshanga imetawanywa zaidi ya mara moja. Kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2013 mapigano kati ya askari wa jeshi la taifa na wapiganaji wa APCLS yaliteketeza sehemu kubwa ya mji. Watu wengi walikufa, nyumba zikawa majivu, na maelfu wakakimbia, hata wale waliokuwa wamekimbia mara ya kwanza na kuishi katika kambi ya Mungote. Mji ulijengwa upya kwa mbao na bati, nyumba kwa nyumba, na mikono iliyosaidia kusimamisha nguzo ya jirani haikuandikwa katika ripoti yoyote. Tarehe 26 Januari 2023 M23 iliuteka mji, na mwaka huohuo mapigano yakarudi. Familia zilijaa Mweso, Sake, na kambi za kando ya Goma: Bulengo, Lushagala, Rusayo, Kanyaruchinya. Mwanzoni mwa 2025, Goma nayo ilipotekwa, kambi hizo zikavunjika na watu wakahama tena.

Mtu akihama mara tatu, mnyororo wa mwito unakatika. Jirani wa zamani yuko mji mwingine. Jirani mpya hajulikani, na hajui kama utamrudishia wema wake. Kipoyi kilisimama juu ya kumbukumbu: kila mmoja alijua nani alimbeba nani. Katika makazi ya wakimbizi kumbukumbu hiyo haipo, na vijana wenye nguvu na moyo wanakaa karibu na mama anayehitaji kusomewa karatasi ya hospitali, bila yeyote kati yao kujua habari za mwenzake.

Goma ilionyesha mwaka 2021 kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa haraka. Usiku wa tarehe 22 Mei mlima Nyiragongo ulilipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Watoto walipotezana na wazazi wao njiani kwenda Sake na mpakani. Vijana wa Goma walitumia simu zao kukusanya chakula na nguo na kutangaza mahali penye mahitaji. Kundi la Goma Actif, lililoanza mwaka 2020 wakati wa Covid, lilikuwa miongoni mwao. Hawakungoja programu maalum. Walitumia makundi ya ujumbe ambayo tayari yalikuwa na watu wanaojuana.

Kwa mwenye kutengeneza

Kutoka historia hii yote, mwenye kutengeneza programu kwa vijana wa Kitshanga anaweza kuchukua mambo manne.

La kwanza ni kuanza na kazi, na jina la mtu lije baadaye au lisije kabisa. Kazi iandikwe kwa sentensi moja: nani anahitaji nini, wapi, kwa saa ngapi. Kijana anaichukua au anaiacha, na anayeiacha asiulizwe sababu. Uhuru huo wa kuacha ndio unaotofautisha kujitolea na salongo.

La pili ni kwamba mwito utoke kwa mtu anayejulikana: muuguzi wa kituo, mwalimu, mama mkubwa wa mtaa, reko. Wanakijiji watatu wa Kivu Kusini walioaminiwa na wenzao walifanya kazi kuliko namba iliyotangazwa kwa watu wote. Na baada ya kazi, habari irudi. Vijana waliobeba maji waambiwe kwamba mama alijifungua salama, au hakujifungua salama. Asiyeambiwa chochote hatarudi mara ya tatu.

La tatu ni kujua shughuli za kijana wa huku ni zipi. Wenye programu za nchi tajiri wanamfikiria mtu wa ofisini ambaye Jumamosi yake ni tupu. Motari wa Kitshanga hana Jumamosi tupu. Ana nafasi mvua inaponyesha. Mchimbaji wa Rubaya ana nafasi shimo linapofungwa. Msichana anayeuza mboga ana nafasi baada ya soko. Wengi wana simu ndogo za vitufe, wanachaji kwa kulipa kwenye duka lenye paneli ya jua, na hawanunui mega za intaneti kila siku. Kinachofaa kwao ni ujumbe mfupi wa kawaida, na redio ya jamii kusoma kazi za juma kwa sauti, kwa lugha inayosikika mpaka jikoni.

La nne ni zito kuliko yote. Wabelgiji walikuwa na hesabu yao ya wanaume wazima wenye nguvu. Mwenye bunduki wa leo angefurahi kupata yake, mpya, yenye namba za simu na mahali kila mmoja analala. Kwa hiyo programu isiweke orodha hiyo. Isihifadhi mahali alipo kijana, wala kabila, wala kijiji cha asili. Kazi ikiisha, habari zake zifutwe. Wataalamu wa kompyuta hupenda kuhifadhi kila kitu kwa sababu kinaweza kufaa kesho. Katika Masisi, kilichohifadhiwa leo kinaweza kumtafuta mtu kesho.

Kuna kazi moja ambayo ingeweza kuanza bila kungoja lolote kubwa, na waliotawanyika wanaifaa kuliko wote. Wazee wa Kitshanga walioko ugenini wanajua jina la kila kilima kati ya Mokoto na Mweso, kila chemchemi na kila kivuko. Watoto waliozaliwa kambini hawayajui. Kijana mwenye nusu saa jioni anaweza kukaa na mzee mmoja na kuandika majina kumi: ya milima, ya maji, ya masoko ya zamani, bila jina la mtu hata mmoja. Kesho kijana mwingine, katika makazi mengine, anaandika kumi mengine. Kazi hiyo haihitaji programu kuanza. Daftari la shule linatosha. Siku njia itakapofunguka, watakaorudi watajua wanarudi wapi, na atakayeita usiku kwa ajili ya mgonjwa ataweza kusema kilima gani.